Matairi mapana kwenye gari la spoti la zamani: pima nafasi kwanza

Wenye magari ya spoti ya zamani hapa Malindi, wenyeji kwa Waitaliano, hutuuliza swali moja kila mara katika idara yetu ya ufundi wa magari: "Nataka kulivisha gari matairi mapana, niweke namba gani?" Namba, yaani saizi ya tairi, ni jambo la mwisho. La kwanza ni nafasi iliyopo kati ya springi na fenda, la pili ni hali ya gari lenyewe. Fundi anayekutajia namba kabla hajalala chini ya gari anabahatisha.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari ambalo Wakenya wa rika fulani hawahitaji kuelezwa. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kutoka kiwandani lilivaa tairi la 175HR14 (upana wa milimita 175, kwa rimu ya kimo cha inchi 14) juu ya rimu ya chuma yenye upana wa inchi 4.5. Kwa macho ya leo tairi hilo ni jembamba. Probox inayokupita ukielekea Gede huvaa matairi yanayokaribiana nalo kwa upana. Hapo ndipo tamaa inapoanzia.

Wengi hudhani tairi pana linaongeza mpira unaogusa lami. Hesabu haisemi hivyo. Gari lenye uzito wa kilo 1,050 huweka kama kilo 260 juu ya kila tairi. Kwa upepo wa PSI 28, sehemu inayogusa barabara ni kama sentimita za mraba 130, kiasi cha kiganja cha mkono. Ukiweka tairi pana na kujaza upepo uleule, eneo hilo hubaki karibu palepale. Kinachobadilika ni umbo. Linakuwa pana kwa ubavu na fupi kwa urefu. Umbo hilo husaidia kwenye kona: gari huitika haraka usukani unapogeuzwa, na mpira hauchoki upesi kwa joto. Faida hiyo ni ya kweli, na sitamkatisha mtu tamaa. Ila hulipiwa.

Malipo ya kwanza yako mikononi mwako. 240Z haina usukani wa kusaidiwa na pampu, kwa hiyo tairi pana utalisikia mabegani siku ya kwanza ya kuegesha sokoni. Malipo ya pili huja na masika. Mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi hapa kwetu, maji husimama barabarani, na tairi likishindwa kuyasukuma pembeni huelea juu yake. Tairi la PSI 30 lililokwisha meno linaweza kuelea kwenye mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa, na kadiri linavyokuwa pana ndivyo linavyoelea mapema zaidi. Tairi jembamba hukata maji, na hukata tope vilevile.

Sasa vipimo. Ubavu ni kimo cha mpira kati ya rimu na lami, na huandikwa kwa asilimia ya upana wa tairi. Tairi lisiloandikwa namba ya ubavu, kama hilo la 175HR14, huhesabiwa kuwa na ubavu wa takriban asilimia 80 ya upana wake. Kimo chake chote basi ni kama milimita 636. Tairi la 205/60R15 (upana 205, ubavu asilimia 60, rimu ya inchi 15) lina kimo cha milimita 627, na 225/50R16 lina milimita 631. Yote mawili yako ndani ya asilimia 2 ya lile la asili, kwa hiyo mshale wa spidi hautadanganya sana na gia hazitavurugika. Sisi hushauri mtu asivuke asilimia 3, juu wala chini.

Lakini angalia ubavu. Lile la asili lina milimita 140 za mpira kati ya rimu na lami. La 225/50R16 lina milimita 112 tu. Matuta ya barabara ya Mombasa, na mashimo unayokutana nayo ukiacha lami kuelekea mashambani, huzijua hizo milimita 28 zilizopungua. Kwa matumizi ya hapa, sioni haja ya kupita 205. Anayetaka 225 kwa sura ya gari, gari ni lake, ila asije kulalamika rimu imepinda.

Nafasi ndiyo yenye mambo. Katika 240Z, magurudumu yote manne yanashikiliwa na nguzo yenye shokabsoba ndani na springi juu yake, na sahani ya kukalia springi iko karibu sana na tairi. Ukitoka rimu ya inchi 4.5 kwenda ya inchi 6, umeongeza milimita 38. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu; ikiongezeka, rimu huingia ndani zaidi. Ofseti ikibaki ileile, milimita 19 zinaingia ndani kuelekea springi na 19 zinatoka nje kuelekea fenda. Ukichagua rimu ambayo ofseti yake imepungua kwa milimita 10, ndani zinaingia 9 tu lakini nje zinatoka 29. Hakuna rimu inayokupa nafasi pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Usipime gari likiwa limesimama barabarani. Liinue, liweke juu ya vigingi imara (jeki peke yake haitoshi), toa springi upande mmoja, funga rimu yenye tairi unalofikiria, kisha inua gurudumu kwa jeki ndogo polepole hadi mwisho wa safari yake. Bandika vipande vya udongo wa kufinyangia ndani ya fenda na kwenye sahani ya springi. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, huku gurudumu likiwa juu, kisha likiwa katikati. Palipobonyezwa udongo ndipo tairi litakapokula. Tunataka ibaki angalau milimita 5 upande wa ndani, na zaidi upande wa nje, kwa sababu kwenye kona tairi hulala na bushi kuukuu (mipira ya viungo vya magurudumu) hulegea.

Hizo bushi zenyewe zitazamwe kabla ya lolote. Gari la miaka 50 lenye bushi zilizopasuka na beringi zinazovuma likivalishwa matairi mapana huzidi kuyumba, maana gurudumu lililosogezwa nje huvuta beringi kwa nguvu zaidi na kurudisha kila tuta kwenye usukani. Mara nyingi mwenye gari akibadilisha bushi na shokabsoba, kisha akapimiwa alaimenti, hamu ya tairi pana humpungua.

Fenda zinapogusa, mafundi wengi hukimbilia kukunja ule mdomo wa ndani kwa rungu au kwa bomba la chuma. Nairobi pengine hilo lina nafuu. Hapa pwani ni kulialika kutu. Kwenye fenda za nyuma mdomo huo ni mabati mawili yaliyounganishwa kwa nukta za weldingi, na kati yake pana ufa ambao rangi ya kiwandani haikufika vizuri. Ukikunja, rangi inapasuka kwa ndani usikoona, hewa ya chumvi inaingia, na baada ya muda utaona mapovu chini ya rangi juu ya gurudumu. Bati la fenda za gari kama hili si rahisi kulipata dukani. Ikiwa lazima ukunje, bati lipashwe joto kidogo kwanza ili rangi isivunjike, likunjwe taratibu, kisha ufa wote uzibwe kwa mastiki na kupakwa nta ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Kununua rimu yenye ofseti sahihi ni nafuu kuliko kazi hiyo.

Kuhusu rimu zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani: nyingi ni za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, na ofseti yake huwa kama milimita 38 hadi 45. Hata zikiwa na matundu 4 kwenye duara la milimita 114.3, ambacho ndicho cha 240Z, zitagonga nguzo ya springi. Muuzaji atakwambia uweke spesa, yaani sahani ya kusogeza rimu nje. Spesa nene inayofungwa juu ya stadi (skrubu za habu zinazoshika nati) zilezile fupi za zamani ni hatari: nati lazima ishike uzi wa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe, yaani milimita 12 kwa stadi ya 12. Zungusha nati kwa mkono na uhesabu. Ikiwa haifiki mizunguko 9 au 10, usiendeshe. Rimu za 4×100 (matundu 4 kwenye duara la milimita 100) zilizotanuliwa matundu kwa tupa zirudishwe dukani bila mjadala.

Kwenye tairi lenyewe soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la spoti linaloegeshwa juani kwa miezi huzeesha mpira kabla meno hayajaisha, kwa hiyo tairi likishavuka miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na miaka 10 ikitimia litolewe hata kama linang'aa.

Ukishafunga, safisha kutu kwenye uso wa habu na upake grisi kidogo pale rimu ya alumini inapokutana na chuma, vinginevyo chumvi itazigandisha pamoja. Nyuzi za stadi ziachwe kavu. Tumia nati ambazo mwinamo wa ncha yake unalingana na tundu la rimu, zikaze kwa msalaba, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100, gari likiwa limepoa. Kwenda Watamu na kurudi kunatosha.