Fidia ya kaboni kwa safari za ndege za maafisa wa serikali

Fidia ya kaboni ni kulipia kazi inayozuia au kunyonya hewa kaa mahali pengine, kwa kiasi kile kile kilichotolewa na safari yako. Afisa wa kaunti akishatua Malindi au Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, kutoka Nairobi, moshi umekwisha kutoka. Kinachobaki ni ofisi yake kununua hati za kaboni. Hati moja ni tani moja ya hewa kaa iliyozuiwa au kunyonywa, ikakaguliwa na mtu asiye na maslahi katika mradi, kisha ikapewa nambari kwenye daftari la usajili wa hati za kaboni.

Hesabu huanzia kwenye mafuta. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takribani kilo 3.16 za hewa kaa. Uzito huzidi kwa sababu kaboni hushikana na oksijeni ya hewani. Tuseme ndege imechoma kilo 1,000 hadi Malindi ikiwa na abiria 50. Hizo ni kilo 3,160, yaani 63.2 kwa kila abiria, na 126.4 kwenda na kurudi. Ikiruka na abiria 25, mzigo wa kila mmoja unakuwa maradufu. Maafisa wanane kwenye ile ndege ya abiria 50 ni kilo 1,011.2, na kwa kuwa hati husajiliwa kwa tani nzima, zinunuliwe mbili.

Makosa mengi hutokea ofisini. Karani huhesabu masurufu yaliyoidhinishwa badala ya safari zilizofanyika, ilhali kuna safari huahirishwa na tiketi hubadilishwa. Kinachoaminika ni pasi ya kupandia ndege: nakala yake ikusanywe siku ile ile afisa anaporudisha hesabu ya masurufu. Kosa la pili ni kununua hati na kuiacha wazi. Hati isipofutwa daftarini kwa jina la ofisi na mwaka wa safari, inaweza kuuzwa tena, na tani moja ikadaiwa na watu wawili.

Hapa pwani fidia huchanganywa sana na kupanda mikoko. Kiongozi huja, huchomeka miche mia moja kwenye tope, hupigwa picha, na safari zake huitwa safi. Hiyo si fidia. Mbegu ya mkoko ni kijiti kirefu cha kijani. Huchomekwa theluthi moja tu ardhini. Ikipandwa mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko inayoota upande wa bahari ambako mawimbi hupiga, maji huing'oa kabla mizizi haijashika. Hata ikishika, huchukua miaka mingi kunyonya kilichotolewa kwa saa moja angani. Mradi wa kweli hupima miti na udongo, tena kwa miaka. Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, ndio mfano wa karibu: umekuwa ukiuza hati tangu miaka ya 2010, na mapato yameingia kwenye maji na shule za kijiji.

Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo swali hili ni letu. Wakataji boriti wakizuiwa kwenye mkondo mmoja wakahamia wa jirani, hakuna tani iliyookolewa. Kilichohama ni shoka. Mnunuzi aulize mapema wakataji wamepewa kazi gani. Aulize pia mgao: sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka mradi wa ardhi utoe angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa jamii, baada ya kuondoa gharama.

Kabla ya yote hayo, safari ipunguzwe. Mpango wa kimataifa wa fidia za ndege, CORSIA, hugusa safari za nje tu, kwa hiyo ya Nairobi hadi Manda hailipiwi na yeyote ofisi isipojitolea. Wa Malindi anaweza kupanda treni hadi Mombasa kisha gari kwa kilomita 120 hivi. Wa Lamu ana njia finyu zaidi, na si haki kumlaumu kwa kupanda ndege. Apunguze mikutano inayoweza kufanyika kwa simu.

Na kipande cha mwisho husahaulika: boti ya kutoka Manda hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Lita moja ya petroli hutoa takribani kilo 2.3. Iandikwe kwenye fomu ile ile.