Atma vichara: kumtafuta anayesema "mimi"

Ukimwambia mtu "jichunguze", atadhani unamtaka apime matendo yake: kamkosea nani, kadhulumu wapi, atubu nini. Atma vichara siyo hiyo. Ni maneno mawili ya Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu. Vichara ni uchunguzi. Atma ni ule undani wa mtu unaosemwa kuwa haubadiliki, mwili uzeeke, fikra zije na kupita. Anayefanya atma vichara haulizi "nimefanya nini?" Anauliza: huyu anayesema "mimi nimefanya" ni nani hasa?

Wapo wanaotafsiri atma kuwa nafsi. Mimi nasita, kwa sababu nafsi ya Kiswahili ina tamaa. Twasema fulani kafuata nafsi yake, na twausiwa tushindane nayo. Atma haina cha kushindana nacho. Basi nitaliacha neno kama lilivyo.

Mafundisho yenyewe ni ya kale. Katika Upanishadi ya Chandogya, mojawapo ya maandiko hayo, mwalimu Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu, kijana aliyerudi nyumbani na elimu ya miaka 12 pamoja na majivuno yake. Anamwagiza atie bonge la chumvi majini, kisha aje asubuhi. Kunapokucha anamwambia: nipe ile chumvi. Kijana anapapasa, hola. Onja upande huu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Na upande ule? Chumvi. Baba anamweleza kwamba ndivyo ulivyo ukweli usioonekana, umeenea kote, na "wewe ndiwe huo": tat tvam asi.

Aliyeligeuza fundisho hili kuwa zoezi la mtu yeyote, hata asiyejua Kisanskriti, ni Ramana Maharshi, Mtamil wa kusini mwa India. Mwaka 1896, akiwa mwanafunzi wa miaka 16 mjini Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kufa, wala hakuwa mgonjwa. Hakuita mtu. Alijilaza chali, akajikaza kama maiti, akafunga midomo, akajiuliza: mwili huu ukifa, mimi nitakuwa nimekufa? Alichokiona ni kwamba ile hali ya kuwapo, "mimi" yenyewe, haikuguswa. Wiki chache baadaye aliondoka kwao kimyakimya. Kaka yake alikuwa amemwagiza achukue rupia 5 akamlipie ada ya chuo. Akachukua 3 za nauli, akaacha 2 na barua fupi. Barua hiyo inaanza na "mimi", katikati anajiita "hiki", na mahali pa sahihi kuna mstari mtupu. Kwangu, mstari ule unaeleza atma vichara kuliko vitabu vingi.

Alifika Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, tarehe 1 Septemba 1896, na hakutoka tena hapo hadi alipofariki 14 Aprili 1950. Njia aliyoelekeza ni hii: wazo likija, usilifukuze wala usilifuate. Jiulize, limemjia nani? Jibu litakuwa "mimi". Haya, mimi ni nani? Usijibu kwa maneno, wala usilirudierudie swali kama uradi. Ni umakini unaogeuzwa kumwelekea mwenye wazo. Swali lenyewe alilifananisha na kijiti cha kuchochea moto wa kuchomea maiti: kinasaidia vyote viungue, mwisho nacho kinaungua.

Je, kila Mhindu hufanya hivi? Hata kidogo. Hii ni tawi la jnana, njia ya maarifa. Bhagavad Gita, andiko jingine la Kihindu, inaisifu pia karma yoga, yaani kutenda wajibu bila kung'ang'ania malipo yake, na bhakti, mapenzi kwa Mungu, ambayo ndiyo unayoiona zaidi hekaluni: maua, taa, nyimbo. Wengine hushika kutafakari na kutuliza pumzi. Hoja ni kwamba watu wana tabia tofauti, na dawa moja haimfai kila mgonjwa. Hata juu ya jibu la "mimi ni nani" hawakubaliani: mwanafalsafa Shankara alifundisha kuwa atma na Brahman, ukweli mkuu, ni kitu kimoja, naye mwanafalsafa mwingine, Madhva, karne kadhaa baadaye, akashikilia kuwa roho na Mungu ni wawili milele.

Ramana mwenyewe hakumlazimisha mtu. Asiyeweza kuuliza swali, alimwambia ajisalimishe kwa Mungu kabisa, kwani "mimi" itayeyuka huko pia. Ndiyo maana Tiruvannamalai, usiku wa mwezi mpevu, utakuta mmoja ameketi kimya macho yamefumbwa, na nje umati unauzunguka mlima kwa miguu, wengi pekupeku, kilomita 14, wakilitaja jina la mungu Shiva.