Kuzoesha chaza mpya: ni nini hasa kinachozoeshwa?

Mfuko wa maji na hewa wenye chaza wa kufugwa tangini, uliofungwa Mombasa alfajiri, hufika Nairobi umefura. Ukiugonga kwa kidole unalia kama ngoma ndogo, na asiyejua hudhani kuna kitu kimeoza ndani. Hakuna kilichooza. Ile hewa ilifungiwa usawa wa bahari, kisha ikapandishwa karibu mita 1,700, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 18. Ya nje imelegea, ya ndani ikatanuka.

Mfuko unaonyesha waziwazi yaliyompata chaza aliyemo, ila yeye haonekani kufura. Ametolewa katika hali moja na anaingizwa katika nyingine: joto jingine, chumvi nyingine, mwanga mwingine. Kumvusha polepole ili mwili wake upate muda wa kujirekebisha ndiko kunakoitwa kuzoesha.

Neno hili tunalitumia kila siku. Mtoto huzoeshwa kunywa kwa kikombe, na mgeni kutoka Lamu huzoea baridi ya Julai baada ya majuma kadhaa ya sweta. Lakini kwa wenye matangi ya maji ya chumvi neno limepunguzwa mno. Ukimwuliza mtu kama amemzoesha chaza wake, atakujibu: ndiyo, nilimdondoshea maji saa nzima. Saa hiyo ilikuwa ya maji peke yake. Mwanga haujaguswa, na mwanga ndio ulioniulia chaza wangu wa kwanza.

Ili kuelewa kwa nini, mtazame chaza mwenyewe. Wanaofugwa kwenye matangi ni jamii ya chaza wakubwa, Tridacna. Mkubwa kuliko wote, Tridacna gigas, hupita mita moja kwa urefu na kilo 200 kwa uzani. Huyo si wa sebuleni. Wa nyumbani ni kama Tridacna maxima na Tridacna squamosa, ambao pia wanaishi kwenye miamba ya pwani yetu. Akifungua magamba yake mawili, kinachojitandaza juu ni joho: nyama laini ya buluu, kijani au hudhurungi, yenye madoa yanayometameta. Ndani ya joho hilo mna mwani wa chembe moja moja, kwa mamilioni. Mwani hupata makao na kinga, na taka za chaza huwa mbolea yake. Nao, kwa mwanga unaoupata, hutengeneza sukari inayomlisha chaza. Chaza huchuja pia vijidudu vya majini, lakini sehemu kubwa ya chakula chake hutokana na mwanga. Kwa hiyo anapoingia kwenye tangi lako, wanaohamia ni wawili, chaza na mwani wake, na kila mmoja ana mwendo wake wa kuzoea.

Tuanze na maji. Chaza hana namna ya kuzuia kwa muda mrefu chumvi ya nje isimfikie ndani. Umajimaji wa mwili wake hufuata maji yaliyomzunguka. Maji yakiwa mepesi ghafla, chembe zake huvimba. Yakiwa mazito ghafla, hunywea. Ndiyo maana mfuko huachwa kwanza uelee juu ya maji ya tangi, dakika 20 hadi 30, taa zikiwa zimezimwa, mpaka joto lilingane. Kisha chaza na maji yake huhamishiwa kwenye ndoo safi, na kijipaipu chembamba kama cha pampu ya hewa hushushwa kutoka tangini kikiwa kimefungwa fundo ili maji yadondoke matone mawili au matatu kwa sekunde. Maji ya ndoo yakiongezeka maradufu, unapima chumvi ya ndoo na ya tangi. Zikilingana, kazi ya maji imekwisha. Maji ya ndoo humwagwa, hayaingii tangini hata kikombe kimoja.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema kabisa: kudondosha kwa saa tatu au nne ili eti azoee vizuri zaidi. Safarini chaza amekuwa akitoa amonia ndani ya mfuko. Hewa chafu ya kaboni aliyopumua imeyafanya maji yale kuwa na asidi kidogo, na katika asidi amonia hukaa katika umbo lisilo na ukali mwingi. Ukifungua mfuko, kaboni inatoka, asidi inapungua, na amonia ileile inageuka sumu. Ukishafungua, basi, saa moja inatosha. Na jioni ile ndoo ikiachwa sakafuni, maji hupoa. Mwezi wa Julai sakafu ya Nairobi ni baridi hasa. Mimi huiweka juu ya taulo iliyokunjwa, karibu na tangi, na kipimajoto ndani yake.

Vipimo vinavyolengwa ni vya baharini: chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto nyuzi 24 hadi 27, amonia sufuri. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, kwa kuwa gamba hujengwa kwa hiyo. Nitrati kidogo haimdhuru. Mwani wake unaihitaji. Maji ya mfereji ya Nairobi yana klorini, na ya visima katika mitaa mingi yana floridi na madini mengi, kwa hiyo anza na maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, ndipo utie chumvi maalumu ya tangi. Chumvi ya mezani haifai. Hiyo ni sodiamu na klorini tu, na bahari ina zaidi ya hayo.

Jambo jingine ambalo mfugaji wa Mombasa hahangaiki nalo sana: huku juu maji hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi kilekile hewa ilivyopungua mgandamizo. Stima ikipotea usiku na pampu zikasimama, tangi la hapa lina muda mfupi kabla ya hali kuwa mbaya. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwepo nyumbani kabla chaza hajafika.

Sasa kumtoa kwenye ndoo. Mshike kwa magamba, kamwe si kwa joho. Chini ya gamba, upande wa bawaba, kuna tundu ambamo nyuzi zake hutokea, zile anazojishikizia mwambani. Kama amejishikiza kwenye kipande cha jiwe au ukuta wa mfuko, usimvute. Nyuzi zikikatwa kwa wembe karibu na jiwe, ataota nyingine. Zikinyofolewa na nyama yake, jeraha hilo humuua. Ukimtumbukiza tangini mgeuze polepole chini ya maji, huku na huku, mpaka mapovu yote yatoke, maana hewa ikibaki ndani ya magamba humsumbua.

Kabla ya hapo mkague kwa tochi. Kuna konokono weupe wadogo, kama chembe za mchele, wanaojificha kwenye mikunjo ya gamba na karibu na lile tundu, na usiku hutoka kunyonya umajimaji wa chaza. Mswaki laini mpya na maji ya chumvi vinatosha kumsugua. Mayai yao yanafanana na ute mgumu kidogo; nayo yasuguliwe. Rudia ukaguzi usiku, kwa majuma machache.

Halafu mwanga. Chaza wangu wa kwanza alikuwa Tridacna maxima wa sentimita nane hivi, joho la buluu lenye ukingo wa dhahabu. Nilikuwa nimesoma kwamba maxima hupenda mwanga mkali, na ni kweli. Nikamdondoshea maji kwa uangalifu wote, kisha nikamweka juu kabisa ya jiwe, sentimita 20 chini ya taa za LED zikiwa kwenye nguvu kamili. Siku ya kwanza alifunguka vizuri ajabu, na niliita watu waje wamwone. Siku ya nne katikati ya joho palianza kupauka, kama kitambaa kilichoanikwa juani kupita kiasi. Siku ya tisa magamba yalikuwa wazi na hayakufunga tena.

Kilichotokea kinaelezeka. Mwani uliozoea mwanga hafifu wa duka na giza la mfuko hauwezi kupokea ghafla mwanga mkali. Unapozidiwa hutoa oksijeni kali inayochoma chembe za joho, na chaza hujikinga kwa kuufukuza mwani wake. Kupauka ndiko huko. Chaza aliyefukuza mwani amepoteza jiko lake, na kama hakuwa na akiba hafiki mbali. Matumbawe ya baharini hupauka kwa njia hiyohiyo maji yanapopata joto kupita kiasi.

Kwa hiyo kuzoesha mwanga kunahesabiwa kwa majuma. Siku hizi namweka chaza mpya chini, juu ya jiwe bapa dogo lililolala mchangani, taa zikiwa nusu ya nguvu zake. Kila juma naongeza kidogo. Baada ya majuma matatu au manne maxima anaweza kupandishwa mwambani, na faida ya lile jiwe bapa huonekana hapo: ameshajishikiza kwalo, kwa hiyo ninahamisha jiwe pamoja naye bila kugusa nyuzi. Squamosa hana shida ya kubaki mchangani, na anaridhika na mwanga wa wastani. Chaza anayetanua joho kupita kawaida, kama anayenyoosha mikono kutafuta kitu, huenda anakuambia mwanga ni mdogo mno.

Majirani nao ni sehemu ya kuzoea. Samaki kama bunju, kikande na baadhi ya samaki vipepeo humdonoa joho, na chaza anayedonolewa hujifunga mchana kutwa, asipate mwanga wala chakula. Hakuna dawa ya hilo ila kuwatenga. Tangi jipya pia halimfai. Lipe miezi kadhaa litulie kwanza.

Upande wa sheria, chaza wote wa Tridacna wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji vibali. Na katika hifadhi za taifa za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hakitolewi chochote. Nunua aliyezalishwa shambani na uulize karatasi zake. Nalisema hili kwa sababu nawapenda viumbe hawa, na miamba yetu haiwezi kujaza sebule zetu.

Siku ya kwanza na ya pili asipofunguka kikamilifu, mwache. Usimsogeze. Kinachotisha ni mrija wake wa kuingizia maji kubaki umeachama wazi, au magamba kukaa wazi huku yeye hajali kinachompitia. Jaribio ni rahisi: pitisha kivuli cha mkono juu ya tangi. Aliye mzima hujivuta mara moja, joho likarudi ndani na magamba yakakaribiana, kisha baada ya muda mfupi hufunguka tena. Naye wangu wa sasa, mwezi wa pili tangu afike, ameanza kuonyesha mstari mweupe, mwembamba kama uzi, kwenye ukingo wa juu wa gamba. Hilo ni gamba jipya, lililojengwa kwa maji ya Nairobi.