Jua la Moshi lipo, ila halifiki chini ya bwawa

Nimechoka na hii kauli: dawa za kuua bakteria (antibiotiki) zikiingia mabwawa ya majitaka zinaungua na jua, na Moshi jua tunalo. Tunalo kweli. Linafika kina gani, na linakuta dawa ipi?

Siprofloksasini na tetrasaiklini hunyonya mwanga wa jua zenyewe, kwa hiyo karibu na uso wa maji huvunjika haraka. Trimethoprimu, ile iliyomo kwenye Septrini pamoja na sulfamethoksazoli, jua pekee haliiwezi. Hiyo hutegemea mboji iliyoyeyuka, inayoyapa maji rangi ya chai: ikipigwa mwanga, mboji huishambulia dawa moja kwa moja, au huzalisha oksijeni singleti na radikali za haidroksili, yaani kemikali kali za muda mfupi zinazoivunja dawa.

Wengi huishia hapo, wakaanza kusifia maji ya rangi. Ngojeni kwanza. Rangi hiyohiyo huzuia mwanga. Tuseme kila sentimita 10 za maji zinabakiza sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wa nanomita 310 (urujuanimno-B, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho). Bwawa la mita 1.5 linalochanganyika vizuri litapata, kwa wastani wa kina chote, asilimia 3 hivi ya mwanga wa juu. Dawa ambayo juu kabisa jua huipunguza nusu kwa saa 1, humo itataka karibu saa 35 za jua. Usiku hauhesabiki.

Halafu kuna lile linaloachwa kila mara: fenoli za mboji hurudisha elektroni. Sulfamethoksazoli ikishapokonywa elektroni, mboji inaweza kuirudishia, ikawa dawa ileile. Ndiyo maana kuongeza mboji wakati mwingine huchelewesha kazi.

Ukitaka kulijaribu hili mwenyewe, tumia mirija ya kwatzi, kioo kinachopitisha mwanga huo. Chupa ya plastiki ya PET hukata karibu urujuanimno-B wote. Mrija mmoja ufunge foili usipate mwanga, ukae beseni moja na mingine ili joto lilingane. Bila huo, siprofloksasini iliyonata kwenye matope utaiandikia jua. Pima pH mwanzo na mwisho. Na usiweke miligramu 10 kwa lita, dawa yenyewe itaziba mwanga, mikrogramu zinatosha.

Mboji ya dukani, mara nyingi ya mto Suwannee wa Marekani, naitumia kwa shingo upande: ya majitaka ina tabia zake. Na dawa kutoweka kwenye kromatografia, kipimo kinachotenganisha kemikali, si mwisho wa kazi. Baadhi ya mabaki ya siprofloksasini hubaki na kiini cha kwinoloni, sehemu ya dawa inayoua bakteria, kwa hiyo yapime pia kwenye sahani yenye bakteria wa E. koli.