Muulize daktari kuhusu njaa

Mama mmoja kutoka Kasarani aliniletea panya wake wa kufugwa ndani ya kikapu kilichofunikwa leso. Kliniki ya kwanza alikoenda walimwambia anunue mwingine. Ya pili walisema panya anatokwa na damu puani, wakamdunga sindano ya kuzuia damu.

Haikuwa damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa majimaji mekundu, na panya akiugua au akihangaika, majimaji hayo hutokeza machoni na puani. Daktari anayemfahamu panya akiyaona huenda moja kwa moja kwenye mapafu, maana panya wengi wa kufugwa hubeba bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis. Dawa kama doksisaiklini humtuliza. Kumtoa bakteria kabisa ni vigumu sana.

Siwalaumu wenzangu kupita kiasi. Chuoni tulisomea zaidi ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Lakini mwenye panya anahitaji kujua amwamini nani, kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda, uulize: "Akifanyiwa upasuaji, nimnyime chakula usiku kucha?" Mbwa hunyimwa ili asitapike akiwa amelazwa kwa dawa. Panya hawezi kutapika, na mwili wake mdogo huishiwa sukari upesi. Njaa ya usiku mzima inamdhoofisha bure. Anayekujibu "ndiyo, kama mbwa", mshukuru uendelee kutafuta. Mwenye sungura naye aulize kama sungura anaweza kupewa amoksilini ya kunywa, dawa ya kuua bakteria. Jibu sahihi ni hapana, kwani huvuruga bakteria wa utumbo na inaweza kumuua.

Hakikisha pia daktari yumo kwenye orodha ya Bodi ya Veterinari ya Kenya. Ukikwama, ulizia kitivo cha veterinari cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Upper Kabete. Kobe na kasuku wa kijivu wana mambo yao ya kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, nitayaandika siku nyingine.

Mpime panya kila wiki kwa mizani ya jikoni. Aliyekuwa na gramu 400 akishuka hadi 360 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, wala usingoje mwisho wa mwezi kumpeleka kwa daktari.

Yule mama nilimuuliza panya analalia nini kabla hata sijamgusa. Maranda ya saiprasi, akasema, anapewa bure na fundi wa mtaani. Harufu ile nzuri ya mbao ndiyo inayowasha njia ya hewa. Sasa anamchania karatasi.