Leaf ya mtumba: jua kwanza mwenyewe aliiuza kwa nini

Kati ya magari ya umeme ya mtumba yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, Nissan Leaf ndiyo inayojulikana zaidi. Kabla ya kufika bandarini limeshaendeshwa na mtu mwingine kwa miaka kadhaa, naye siku moja akaamua kuliuza. Sababu ya uamuzi ule ni sehemu kubwa ya kitu unachonunua. Injini ya petroli iliyochoka hufunguliwa, ikabadilishwa pete na bei yake fundi anaijua. Kwa gari la umeme, betri ndiyo gari. Ikiwa mwenyewe aliuza kwa sababu za maisha yake, umepata gari zuri kwa bei nafuu. Ikiwa aliuza kwa sababu betri imeliwa na joto, umenunua tatizo lake. Picha za mnada hazitofautishi magari hayo mawili, lakini gari lenyewe linatofautisha kwa anayejua kulisoma.

Leaf iliingia sokoni Desemba 2010, Japani na Marekani, ikiwa na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24, uniti zile zile tunazonunua kwenye LUKU au kwa tokeni. Kipimo cha Japani kilisema gari litatembea kilomita 200 kwa chaji moja. Kipimo cha serikali ya Marekani, kilicho karibu zaidi na barabara halisi, kilitoa kilomita 117. Wanunuzi wa mwanzo walijikuta wanaishi na namba ya pili. Mwishoni mwa 2015 ikaja betri ya uniti 30, na Oktoba 2017 ikaja Leaf mpya ya uniti 40 yenye kilomita 243 kwa kipimo cha Marekani. Bei nayo haikupanda: kule Marekani Leaf ya mwaka wa modeli 2011 ilianzia dola 32,780, na ya 2018 ikaanzia dola 29,990. Mtu mwenye gari la kilomita 117 akiona jipya linatembea mara mbili yake kwa fedha pungufu, hahitaji kushawishiwa auze la zamani. Sababu hii haina doa lolote kwa mnunuzi wa pili ambaye safari zake za siku hazizidi kilomita 60.

Nyingine isiyo na doa ni kalenda. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, huja na kodi na bima kwa pamoja. Wengi huona afadhali wauze kuliko kuulipia tena, ndiyo maana utakuta magari mengi yenye umri wa miaka mitatu, mitano, saba au tisa kamili. Pia wapo waliopewa ruzuku ya serikali wakati wa kununua. Ruzuku hiyo ina masharti ya kukaa na gari kwa muda uliowekwa, na anayeuza mapema hurudisha sehemu ya fedha, kwa hiyo muda ukiisha mlango wa kuuza unafunguka. Marekani wengi hawakununua kabisa. Walikodi gari kwa miezi 36, kampuni ya ukodishaji ikachukua nafuu ya kodi ya dola 7,500, na mkataba ulipokwisha gari likarudishwa. Gari la namna hiyo halikuuzwa kwa sababu ya kosa lolote.

Baridi pia huwafanya watu wauze. Leaf za mwanzo zilipasha joto kwa koili ya umeme, kama heta ya kuogea, na asubuhi ya theluji heta hiyo hula sehemu kubwa ya chaji kabla mtu hajafika kazini. Huku kwetu heta haiwashwi, kwa hiyo kasoro iliyomkera mtu wa Hokkaido, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Japani, haitakugusa. Cha kuangalia kwa gari la huko ni kutu chini ya bodi, maana barabara zao humwagwa chumvi.

Mwenye kuhama ni suala jingine. Aliyekuwa na nyumba yenye plagi yake mwenyewe akahamia ghorofa la kupanga hukosa mahali pa kuchaji, na gari la umeme lisilo na chaji ya nyumbani huwa kero kila siku. Mpangaji wa Sinza au wa Umoja anayetumia mita moja na wenzake alipime jambo hili kabla hajalipa, kwa kuwa kilichomfanya mwenyewe wa kwanza auze kitamfanya naye auze.

Na kuna hofu ya bei. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei za magari mapya, na thamani ya yaliyotumika ikaporomoka nayo. Mwaka uliofuata, Januari 2024, kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilitangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000, karibu theluthi moja ya yale iliyokuwa nayo, ikitaja gharama za matengenezo na kushuka kwa thamani. Gari la umeme la mtumba hushuka bei haraka hata likiwa zima, na hilo ni faida kwa mnunuzi wa pili na hasara kwa wa kwanza.

Sasa sababu mbaya. Betri ya Leaf ya mwanzo haina mfumo wa kuipoza. Imefungwa ndani ya sanduku chini ya sakafu, bila feni wala maji yanayozunguka, wakati Chevrolet Volt na Tesla za miaka ile ile zilipozwa kwa majimaji. Katika kila seli, upande wa hasi uliotengenezwa kwa grafiti hujengeka utando mwembamba unaonasa lithiamu kidogo kidogo, na lithiamu iliyonaswa hairudi tena kazini. Joto huharakisha ujenzi wa utando huo, na betri iliyojaa pomoni ikiachwa juani huuharakisha zaidi. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, mji wa jangwani, ndio walioanza kulalamika kwamba umbali wa gari unapungua gari lingali changa. Nissan ikaongeza dhamana ya ujazo wa betri, na baadaye ikaleta seli zenye mchanganyiko unaovumilia joto zaidi. Kwa hiyo Leaf ya uniti 24 iliyotengenezwa kuanzia 2015 ni chaguo bora kuliko ya 2011 au 2012, hata zikiwa zimetembea kilomita sawa.

Kwenye dashibodi, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vijiti vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji bali afya ya betri. Kijiti cha kwanza hupotea betri ikishapoteza takriban asilimia 15 ya ujazo wake, na kila kinachofuata huwakilisha asilimia 6.25. Vijiti 9 basi ni betri yenye asilimia 66 hadi 72 hivi. Dhamana ya betri ya uniti 24 huko Japani ilikuwa miaka 5 au kilomita 100,000, na ililipa pale tu vijiti viliposhuka chini ya 9. Tazama inamaanisha nini: gari la miaka sita lenye vijiti 9 limebaki kidogo tu liingie eneo la dhamana, lakini dhamana imeshakwisha. Mwenyewe analijua hilo vizuri. Madalali wa Japani huandika idadi ya vijiti kwenye tangazo kwa neno segu, na karatasi ya mnada isiyoitaja ni ya kuulizia.

Usiishie kwenye vijiti, maana kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ikaonyesha vijiti 12 kwa wiki kadhaa kabla haijajirudi kwenye ukweli. Ushahidi wa pili ni programu ya simu iitwayo LeafSpy, inayosoma gari kupitia kifaa kidogo cha OBD2 chenye Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Itakuonyesha asilimia ya afya kwa herufi SOH, idadi ya mara gari limechajiwa kwa chaja ya haraka, na volti za jozi 96 za seli. Jozi zikiwa karibu sawa, betri imechakaa kwa usawa na itaendelea kutumika. Jozi moja ikidondoka mbali na wenzake, hasa chaji ikiwa ndogo na gari likipanda kilima, kuna seli mbovu, na hiyo ndiyo itakayolizima gari kabla ya wakati. Lakini SOH nayo hudanganywa na ufutaji ule ule, kwa hiyo ushahidi usiopingika ni barabara.

Chaji gari hadi asilimia 100. Rudisha sifuri kipimo cha safari na cha wastani wa matumizi, ambacho kwenye Leaf ya Japani huandikwa kilomita kwa uniti. Endesha kwa mwendo wa kawaida mpaka ibaki asilimia 30. Tuseme umetembea kilomita 70 na wastani ni kilomita 7 kwa uniti: umetumia uniti 10. Uniti hizo 10 zimekula asilimia 70 ya chaji, kwa hiyo betri nzima ina uniti 14.3 hivi. Leaf ya 24 ikiwa mpya hutoa takriban uniti 21 zinazotumika, na 14.3 ni asilimia 68 yake. Gari hilo linapaswa kuonyesha vijiti 9. Likionyesha 12, kumbukumbu imefutwa, na muuzaji ana maswali ya kujibu. Usikatishe jaribio kwenye asilimia 60 kwa kuona uvivu: gari lililofutwa kumbukumbu hushusha asilimia taratibu mwanzoni, kisha huporomoka kwa ghafla huko chini, na alama ya kobe, inayopunguza nguvu za mota, huwaka mapema kuliko ulivyotarajia.

Betri hiyo ya uniti 14 ina kilomita 100 kwenye karatasi na 80 za kutegemea, ukiacha akiba. Kwa mtu wa Mbezi anayekwenda Posta na kurudi, inatosha. Kwa mtu wa Chalinze, haitoshi, na hakuna punguzo la bei litakaloifanya itoshe.

Leaf ya uniti 30 ina jambo lake. Mwaka 2018, huko New Zealand, nchi inayoagiza magari ya mtumba ya Japani kama sisi, ilionekana kwamba afya ya betri hizo inashuka haraka kupita kiasi. Nissan ikabaini kuwa programu ya kompyuta ya betri ilikuwa inakokotoa vibaya, ikatoa sasisho. Kwa hiyo Leaf ya 30 iliyouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu imepoteza vijiti viwili huenda haina ubaya wowote ila haijasasishwa. Jaribio la barabarani litakuambia. Ile ya uniti 40 nayo haina kipoza betri, na ikichajiwa kwa chaja ya haraka mara mbili au tatu katika safari moja hupunguza kasi ya kuchaji ili kujilinda. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, hivyo mnunuzi wa Nairobi sasa anakutana zaidi na hii ya 40. Tanzania hupokea makongwe zaidi kwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na ndiko zinakofika zile za 24 zenye historia ndefu, zinazohitaji kuchunguzwa zaidi.

Mahali utakapoishi na gari panahesabika. Dar es Salaam na Mombasa mwezi Februari mchana hufika nyuzi 32, na lami huwa na joto zaidi ya hewa. Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, ni rahimu kwa betri, na hata Arusha na Mbeya. Betri ile ile itazeeka haraka zaidi pwani. Ukiwa pwani, chaji usiku ili imalizike karibu na alfajiri, ishia asilimia 80 siku zisizo na safari ndefu, na egesha kivulini.

Kuhusu nyumbani: kebo ya Japani imepimwa kwa volti 200 na plagi yake si yetu. Usiikate ukaipachika plagi ya pini tatu. Nunua kebo ya volti 230 yenye kichwa cha Type 1, ndicho kinachoingia Leaf ya Japani, na iweke kwenye ampea 10 ukitumia soketi ya kawaida ya 13. Kuchaji uniti 14 kwa njia hiyo huchukua takriban saa 7, na soketi ya bei rahisi hupata moto kwa mzigo wa saa saba mfululizo hadi plastiki ikageuka kahawia. Njia salama ni kuvuta laini yake peke yake kutoka bodi kuu: waya wa shaba wa milimita za mraba 4, sakiti breka ya ampea 20, kikatio cha uvujaji wa umeme cha miliampea 30, na ethi iliyopimwa na fundi mwenye leseni.

Betri ikifika mwisho kabisa, Nissan na kampuni ya 4R Energy walianza mwaka 2018 kuwauzia wenye Leaf wa Japani betri zilizokarabatiwa za uniti 24 kwa yeni 300,000, na mpya kwa yeni 650,000. Ongeza usafiri, ushuru na kazi ya fundi anayejua volti 360, kisha linganisha jumla na bei unayoombwa kwa gari lenye vijiti 8. Na tangu siku ya kwanza, tunza picha ya skrini ya LeafSpy ya kila mwezi, yenye tarehe na kilomita. Nawe utauza gari hilo siku moja, na anayekuja kununua atataka kujua kwa nini.