Kifungio cha skii si kufuli

Jumapili moja mpwa wangu alipita nyumbani South B. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma Innsbruck, Austria, na hata chai haijamiminwa akanisogezea simu. Kwenye picha kulikuwa na jozi ya skii mpya, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na kando yake vifungio vya kushikia buti kwenye skii, vyekundu, vinavyong'aa kama pikipiki ya maonyesho.

"Anko, hivi vinafika 18. Vingine vyote vinaishia 10 au 11. Si hivi ndivyo vyenyewe?"

Nikiwa mwanafunzi nilishinda misimu mitatu ya baridi kwenye karakana ya duka la kukodisha skii huko Austria. Swali hilo nimeulizwa na watu wa kila taifa. Tofauti ya mtu wa Nairobi ni kwamba hana mahali pa kuliuliza mapema. Koti za skii tunazijua: panda boda asubuhi ya Julai na rubani wako atakuwa amevaa moja ya Gikomba, na kwenye zipu bado kunaning'inia kawaya kalikoshikilia tikiti ya lifti ya mlima wa mbali. Skii zenyewe nimeziona hapa mjini mara moja tu, zimetundikwa ukutani kwenye baa njia ya Ngong kama pembe za nyati. Basi mtu anasafiri na makisio yake, anafika dukani, anaona haya kuuliza, ananunua.

Nadhani hata neno letu linachangia. Kifungio ni cha kufunga. Ukilisikia unawaza komeo. Lakini kama shida ingekuwa kufunga tu, kamba za ngozi zingetosha, na kwa miaka mingi zilitumika. Buti lilikaa imara kwenye skii, na mtu alipoanguka skii iligeuka na mguu ukageuka nayo hadi muundi ukavunjika. Hjalmar Hvam, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Oregon, Marekani, alivunjika mguu hivyo hivyo mwaka 1937, na akiwa katika matibabu ndipo lilipomjia wazo la kifungio kinachoachia kiatu. Pesa unayotoa leo ni ya huko kuachia.

"Namba kubwa ni ya wanaojua"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo yenye madhara. Namba iliyoandikwa kwenye kifungio huitwa namba ya DIN, kwa jina la shirika la viwango la Ujerumani, kama sisi tulivyo na KEBS. Inaonyesha nguvu inayohitajika ili kifungio kiachie buti. Namba ikiwa ndogo, kinaachia upesi. Ikiwa kubwa, kinang'ang'ana. Hailingani na ubora wala ujasiri.

Kifungio kilichoandikwa 8 hadi 18 hakiwezi kushushwa chini ya 8. Kimetengenezewa watu wa mashindano, wenye miili mizito na kasi ambayo mimi na wewe tutaiona kwenye televisheni. Mtu mzima wa kilo sabini na kitu, mwenye uwezo wa wastani, huangukia karibu na 6. Anayeanza hushuka zaidi. Mpwa wangu, kilo 64 na hajawahi kukanyaga theluji, angenunua vile vya 18 na fundi asingeweza kuvilegeza vya kutosha. Kwake kinachofaa ni cha 3 hadi 10 au 3 hadi 11, ili namba yake ikae ndani ya kipimo na abakishe nafasi ya kupanda akizoea.

Namba yenyewe haichaguliwi kwa kukisia. Kuna jedwali la kimataifa, na fundi anaingia humo na mambo matano: uzito wako, urefu wako, umri, urefu wa soli ya buti, na aina ya uchezaji. Uzito na urefu vikielekeza kwenye mistari tofauti, anachukua ule wa namba ndogo. Ukifika miaka 50 anakushusha mstari mmoja, na mtoto mdogo vivyo hivyo.

Urefu wa soli huwashangaza wengi. Si saizi ya kiatu. Ni milimita zilizochongwa kwenye plastiki ya buti, upande wa kisigino, kwa mfano 305. Soli ndefu hufanya kazi kama mtaimbo mrefu. Kwa hiyo watu wawili wenye uzito na urefu ule ule, mwenye soli ndefu ndiye hupewa namba ndogo. Ukibadilisha buti, hata kama saizi ni ile ile, rudi kwa fundi.

Sasa aina ya uchezaji, na hapo ndipo watu hudanganya. Fomu inakuuliza uko aina ya 1, anayeteleza polepole kwa tahadhari. Ya 3, anayeshuka kwa kasi kwenye miteremko mikali. Au ya 2, aliye katikati. Unajaza mwenyewe na kutia sahihi. Nimewaona wanaume wazima, wake zao wakiwa pembeni, wakiandika 3 halafu wakishindwa kuvaa buti bila kushikiliwa. Kila aina unayopanda inaongeza namba, na hakuna anayekuja kukagua. Kuhusu kilo nako kuna uongo wake, ila huo angalau huelekea chini.

Nisieleweke kwamba namba ndogo kupita kiasi ni salama. Kifungio kinachoachia ovyo katikati ya kona kinakutupa vibaya. Lakini kikiachia ovyo, usikimbilie bisibisi ukapandisha namba. Mara nyingi shida ni theluji iliyogandamana chini ya soli, au soli iliyolika kwa kutembezwa juu ya lami, au kipande cha nyuma hakisukumi buti mbele inavyotakiwa. Msukumo huo una alama yake kwenye kifungio, na lazima ukae pale alama inaposema. Nimeshika vifungio vilivyopandishwa hadi 9 ilhali ugonjwa ulikuwa kokoto moja iliyokwama kwenye kibati cha kutelezea, pale buti linapokanyaga mbele.

"Kifungio cha bei kinalinda goti"

Kinalinda muundi. Hapo kimefaulu sana. Mivunjiko ya muundi kwa watu wazima ilipungua mno baada ya vifungio vinavyoachia kuenea. Goti ni habari nyingine.

Kifungio cha kawaida kina njia mbili za kuachia. Kipande cha mbele kinafunguka kwa upande, mguu unapopindwa. Kipande cha nyuma kinafunguka kwenda juu, unapoangukia mbele. Ajali inayokata kano ya mbele ndani ya goti, ile ile iliyowastaafisha vijana wetu wengi wa soka ya mtaani, mara nyingi haipiti katika njia hizo. Mtu anaangukia nyuma, makalio yakiwa chini kuliko magoti, uzito wote kwenye mkia wa skii moja, na skii inageukia ndani. Kano inakatika kabla kifungio hakijahisi chochote cha kukifungua. Wapo watengenezaji walioongeza njia ya tatu, kama kisigino kuachia kwa upande au kipande cha mbele kuinuka, na kwa mwenye goti lililowahi kuumia ni jambo la kuulizia. Lakini muuzaji akikuambia hiki cha bei ya juu kinakinga goti, mwombe akuonyeshe kinafunguka kuelekea wapi.

"Breki ni za kupunguza mwendo"

Cheka, lakini mtu aliyekulia ndani ya matatu akisikia breki anawaza kusimama. Zile fimbo mbili zinazochomoza kando ya kifungio hukunjwa juu unapokanyaga buti ndani. Ukitoka, zinashuka na kuchimba theluji, ili skii isikimbie peke yake ikamgonge mtu huko chini. Wewe mwenyewe utasimama kwa kingo za skii.

La kuangalia unaponunua ni upana. Pima kiuno cha skii, sehemu nyembamba chini ya buti. Kiuno cha milimita 96 kinataka breki za 100 au zaidi kidogo. Zikiwa nyembamba zinagusa kingo na hazishuki; zikizidi sana zinaburuta ukiinamia kona.

"Buti ni buti"

Hapa Wakenya tuna sababu nzuri ya kuchanganyikiwa, na sababu hiyo ni Philip Boit. Alipokimbia kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998 na kumaliza wa mwisho, wa 92, huku bingwa Bjørn Dæhlie akimngoja kwenye mstari ili amkumbatie, wengi wetu ndipo tulipoona skii kwa mara ya kwanza. Zile zilikuwa skii za masafa. Buti lake ni jepesi, limeshikwa kwenye vidole tu, na kisigino kinainuka kila hatua. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria na kutuwakilisha kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, yeye alishuka milima: buti gumu la plastiki, limebanwa mbele na nyuma. Vifaa vya wawili hao haviingiliani hata kidogo. Wala usilinganishe na viatu vya kuteleza kwenye barafu kama vile watu walivyokodi pale Panari, barabara ya Mombasa. Vile havina cha kuachia.

Hata ndani ya skii za mteremko soli si moja. Kuna soli bapa ya zamani, kiwango cha ISO 5355. Kuna soli yenye mpira na mviringo kidogo kwa ajili ya kutembea, inayoitwa GripWalk, ISO 23223. Na kuna soli ya wanaopanda mlima kwa nguvu zao wenyewe badala ya lifti, ISO 9523. Buti la GripWalk likiingizwa kwenye kifungio cha zamani cha soli bapa linaweza kulia *klak* vizuri kabisa, ukadhani mambo shwari, kumbe siku ya kuanguka mpira unagoma kuteleza na kifungio hakifunguki. Hiyo *klak* imedanganya wengi. Soma maandishi kwenye soli, soma na yale ya kwenye kifungio, yafanane. Buti za watoto nazo zina soli ndogo ya aina yao.

Ndiyo maana mimi humwambia mtu anunue buti kwanza, kifungio baadaye. Na kama anaenda wiki moja tu, au ni Ski Dubai mchana mmoja, akodi vyote na kuniacha nimalizie chai yangu.

"Nipe keekee, nitajifungia mwenyewe"

Mafundi tunao, na sina shaka fundi wa Kariobangi angeliweza kazi hii akipewa vifaa. Tatizo ni vifaa. Tundu la skii huchimbwa kina cha kama milimita 9, kwa ncha ya milimita 3.5 au 4.1 kutegemea kama ndani ya skii kuna bati. Ncha hiyo ina kola inayoizuia kuzama zaidi. Halafu kuna kiolezo cha chuma kinachobana skii na kuonyesha kila tundu likae wapi kwa kifungio cha aina hiyo na soli ya urefu huo.

Msimu wangu wa kwanza nilishika ncha isiyo na kola, kwa haraka, foleni ikiwa imefika mlangoni. Nilisikia keekee ikilegea ghafla mkononi. Nilipoigeuza skii, kwenye tumbo lake jeusi lililopakwa nta kulikuwa na kipele kidogo, na juu ya kipele kitundu cha kupitisha sindano. Skii mpya ya mteja. Ililipwa kutoka mshahara wangu kwa wiki kadhaa, na tangu siku hiyo kola naivalisha hata nikitoboa ukuta wa sebuleni.

Skrubu nazo zina msalaba wa Pozidriv, si ule wa kawaida tuliouzoea; bisibisi isiyo yake itakula kichwa. Kisha ni gundi ndani ya tundu ili maji yasiingie kwenye mbao, na mwisho duka linaweka buti kwenye mashine kupima kama kifungio kinaachia kwa nguvu inayotakiwa. Hayo ya mwisho huyapati Nairobi. Nunua na ufungiwe kule utakakoteleza. Skii nyingi za wanaoanza, kwa kweli, huja na vifungio vyake juu ya reli, na habari ya kutoboa inaishia hapo.

Kuhusu mitumba, kwa ufupi: koti nunua, glavu nunua, kifungio acha. Plastiki inazeeka, grisi inakauka, na kila mtengenezaji ana orodha ya vifungio anavyovitambua. Aina ikishaondolewa humo, duka makini litakataa kukigusa hata kama kinang'aa.

Mpwa wangu alinunua vya 3 hadi 10, vyeusi, vya kawaida tu. Kwenye fomu, ananiapia, aliandika aina ya 1. Siku ya kwanza alinitumia video: anashuka mteremko wa watoto, mikono hewani, anapiga mwereka wa kuanzia kichwani. Skii zote mbili zinachomoka na kubaki kule juu mteremkoni, breki zimechimba, zikimngoja. Anainuka akiwa mweupe hadi kwenye nyusi.

"Anko, glavu moja ya Gikomba imebaki kule juu," akaandika. "Na nyingine haipatikani hivyo."